Borrow au lend, say au tell: mwongozo kamili wa kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa kutumia Kiswahili chako mwenyewe

Kuna mzee mmoja analima parachichi huko Rungwe, jioni moja alikuja darasani kwetu na simu mkononi akaniambia mwalimu hebu nisomee hii meseji kabla sijamtumia mnunuzi. Nikasoma: "Please borrow me 200 crates." Nikamuuliza mzee wangu, hapa wewe ndo unakopa au unakopesha? Akanishangaa, akasema si nataka aniazime kreti nivunie, halafu nimrudishie zikiwa na mzigo.

Sasa mzee wa watu hana kosa kubwa hapo, aliyemponza ni neno kuazima. Huku kwetu ukisema "nimeazima jembe" wewe ndo umechukua, ukisema "niazime jembe" yule mwingine ndo anatoa, neno ni lile lile linatembea pande zote mbili za barabara. Kiingereza kimeweka kila upande neno lake, borrow ni la anayechukua na lend ni la anayetoa, na ukibadilisha tu unamwambia mnunuzi kitu ambacho hakieleweki.

Mimi nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Mbeya mjini, wanafunzi wangu karibu wote ni watu wazima, wa bajaji wapo, wadada wa mapokezi wapo, vijana wanaopandisha wageni Ziwa Ngozi, wafanyabiashara wa Mwanjelwa, na wale wanaovuka Tunduma kwenda Nakonde ambako ukifika tu upande wa Zambia fomu na maongezi ya ofisini ni Kiingereza. Nilichokiona ni kwamba watu hawa maneno wanayo tena mengi. Shida yao ni kwamba kwenye daftari wameandika "borrow = kuazima" na mstari wa chini "lend = kuazima", halafu wanashangaa kwanini wanachanganya. Utaachaje kuchanganya wakati umeandika mwenyewe kwamba ni kitu kimoja?

Na kitu ambacho shuleni mimi sikuambiwa, nilikuja kukigundua uzeeni huku, ni kwamba tofauti nyingi zinazotusumbua kwenye Kiingereza sisi tayari tunazo, ila tunaziweka kwenye mkia wa kitenzi. Mwingereza anatafuta neno jipya, wewe unabadilisha mwisho wa neno lako, basi. Kwahiyo mwongozo huu unaanzia kwenye Kiswahili, uwe na daftari jipya, kalamu na simu yenye bando kidogo.

HATUA YA 1: Tafuta neno la Kiswahili linalokuponza

Usianze na orodha ya Kiingereza. Anza na makosa yako, chukua meseji zako za Kiingereza au kumbuka siku ambayo mtu alikukunjia uso ulivyoongea, halafu jiulize hapo kichwani nilikuwa na neno gani la Kiswahili. Utakuta ni yale yale, kuazima, kushinda, kusikia, kuangalia, kusema, kuiba, mkono, shamba, rahisi. Yaandike kila moja kwenye ukurasa wake, juu kabisa. Ukurasa mzima kwa neno moja, usibane, daftari la kurasa 96 linatosha sana.

HATUA YA 2: Jaribu kuongeza -sha au -za

Hii ndo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwahiyo tulia nayo.

Acha kuazima kwa sababu linatembea pande mbili, chukua ndugu yake, kukopa. Kukopa na kukopesha hakuna Mtanzania anayechanganya, hata mtoto anajua nani anadaiwa. Basi borrow ni kukopa, lend ni kukopesha, hata kama kinachozungumziwa ni kreti au kalamu wala sio pesa. Ukitaka kusema "niazime" geuza kwanza kichwani iwe "nikopeshe", utapata lend me. Mzee akarekebisha: "Please lend me 200 crates." Ikaenda.

Sasa tumia mchezo huo huo kwingine. Kukumbuka ni remember, kukumbusha ni remind. Mtu anaandika "remember me to pay the loan" akitaka kusema nikumbushe, wakati hiyo inasomeka nikumbuke. Kuanguka ni fall, kuangusha ni drop, kwahiyo simu iliyokuchoropoka mkononi hau-fall, unai-drop, "I dropped my phone". Kupotea ni get lost, kupoteza ni lose. Kujifunza ni learn na kufundisha ni teach, hii ya mwisho wengi wanaijua ila bado mtaani utasikia "he learned me English".

Halafu kuna jozi mbili ambazo hata wenye lugha yao wanazipiga chenga. Ya kwanza ni rise na raise. Kupanda ni rise, kupandisha ni raise. Nauli ikipanda yenyewe, "the fare has risen", lakini ukitaka kumtaja aliyeipandisha, "they have raised the fare". Angalia utamu wake, ukiwa na rise hakuna mtuhumiwa, ukiwa na raise lazima awepo mtu, na ndo maana kwenye matangazo ya kupanda bei utaona rise inapendwa sana, hehe. Ya pili ni lie na lay, yani kulala na kulaza. Mtoto amelala kitandani, lie, mama anamlaza mtoto, lay. Balaa linakuja kwenye wakati uliopita kwa sababu lie ikienda jana inakuwa lay, na lay ikienda jana inakuwa laid. Kwahiyo "yesterday I lay in bed" ni sahihi kabisa japo inaonekana imekosewa. Ukichanganya hii usijisikie vibaya, hata London wanachanganya.

Sio kila mkia una neno lake huko. Kupanga chumba na kupangisha chumba Kiingereza kinaweza kusema rent kote kote, na hapo Kiswahili kinamshinda, ukisema "I rent a room in Uyole" msikilizaji hajui kama wewe ni mpangaji au mwenye nyumba mpaka uongeze maneno. Waingereza wana let kwa upande wa kupangisha, ndo maana kwenye nyumba zao wanabandika kibao cha TO LET, ambacho kuna jamaa yangu alikiona kwenye picha akasoma TOILET, akaniuliza mbona kule kuna vyoo vingi hivyo. Na hire ni kukodi kitu kwa muda mfupi, baiskeli, ukumbi, suti ya harusi, ila ukihamia Marekani gari wanasema rent. Hire ikikutana na mtu ni kuajiri.

HATUA YA 3: Jaribu -ia, halafu angalia nani anakaa mbele

Kuiba na kuibia. Unaiba simu, unamwibia mtu. Steal ni kuiba, mbele yake kinakaa kitu. Rob ni kuibia, mbele yake anakaa mtu au sehemu, benki, duka. Ile sentensi maarufu ya "I was stolen my phone" inatoka moja kwa moja kwenye "nimeibiwa simu", na ukiitafakari maana yake wewe mwenyewe ndo uliibwa, umebebwa mgongoni kama gunia la viazi. Sema "my phone was stolen", au "I was robbed". Ujue tu kwamba rob ina uzito, msikilizaji anaweza kuwaza ulikabwa au ulitishiwa. Kama walikuchomolea kwenye kihiace bila wewe kujua, my phone was stolen inatosha.

Say na tell ni kusema na kuambia. Jaribu kusema "niliambia kwamba mvua itanyesha", Kiswahili chenyewe kinakataa, sikio linauliza ulimwambia nani? Lazima uwe na mtu, nilimwambia, niliwaambia. Tell ni hivyo hivyo, tell him, tell them, bila mtu haitulii. Say haihitaji mtu, he said that the bus is full. Ukitaka kumleta mtu kwenye say inabidi upitie to, he said to me. Kuna vichache ambavyo tell inakubali bila mtu, tell a story, tell a lie, tell the truth, tell the time, hivyo vikariri tu kama vilivyo. Speak na talk wote ni kuongea, ila lugha unai-speak, huwezi "talk Kinyakyusa". Talk inapenda mazungumzo ya watu wawili watatu wamekaa, speak inapenda mtu mmoja amesimama au simu ya kiofisi, "may I speak to the manager". Mpaka kati yao sio ukuta, ni kama ule uzio wa mabingobingo, ng'ombe wanapita.

Tahadhari moja. Kueleza kwetu kunambeba mtu moja kwa moja, "nieleze", sasa watu wanaandika "explain me". Explain haimbebi mtu hivyo, ni explain to me, au explain the price to me. Hapa Kiswahili kinakudanganya, zungushia duara jekundu.

Na kushinda. Hili halina mkia wa kutusaidia, tunaangalia kinachokaa mbele. Mfano wangu huwa ni wa Iringa kwa sababu kila mtu huku anaujua. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliwavamia Wajerumani waliokuwa wanaongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski akafia pale. Ukisema "the Hehe won the Germans" umeharibu historia, ni kama Wahehe walicheza bahati nasibu wakapata Wajerumani kama zawadi. Win inabeba vita, mechi, kombe, zawadi, kesi. Mpinzani anabebwa na beat. The Hehe won the battle, the Hehe beat the Germans. Jinsi ya kukumbuka, beat maana yake nyingine ni kupiga, na sisi kwenye mpira si ndo tunasema "tumewapiga mbili bila"? Ni hiyo hiyo. Defeat nayo ni kushinda mpinzani ila imevaa koti, utaikuta kwenye vitabu vya historia na taarifa ya habari, kijiweni inasikika kama mtu anasoma risala.

HATUA YA 4: Kuchoka na kuchosha, hapa ndo watu wanaaibika

Nilikuwa naongoza wageni kabla sijaanza kufundisha. Siku moja tunapandisha Ngozi, mvua ya msituni ile, tope, tumejibanza chini ya mti muda mrefu, nikataka kuwaambia wageni kwamba kusubiri kunaboa na mimi nimeboeka kama wao. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "Sorry, I am very boring." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope. Nilikuwa nimejitambulisha kwamba mimi ni mtu wa kuboa, kampani yangu haina mvuto, na wamelipa kuwa na mimi siku nzima.

Siri ni hii: yale ya -ing ni ya -sha na -za, kinachosababisha. Yale ya -ed ni ya anayepatwa. Tiring ni ya kuchosha, tired nimechoka. Surprising ni ya kushangaza, surprised nimeshangaa. Confusing inachanganya, confused nimechanganyikiwa. Boring anaboa, bored nimeboeka. Frightening inatisha, frightened nimeogopa. Interesting inavutia, interested nimevutiwa, na hili la mwisho mtu wa biashara aliangalie vizuri kwa sababu ukimwandikia mnunuzi "I am interesting in your offer" umejisifia badala ya kukubali ofa.

Ukiwa na shaka, sema sentensi kwa Kiswahili kwa sauti. Ukisikia "ina-" au "ya ku-", mara nyingi yenye -sha au -za, nenda -ing. Ukisikia "nime-", nenda -ed. Haikosei mara nyingi.

HATUA YA 5: Je, umekusudia au imekukuta tu?

Kusikia na kusikiliza, hear na listen, mkia tena huo. Mlio wa lori la Tunduma saa nane usiku unau-hear, hukuuita. Mahubiri una-listen, na usisahau to yake, listen to.

Kuona ni see, imekukuta. Kuangalia kunagawanyika vipande viwili na hapo Kiswahili hakitusaidii: look at ni kuangalia kitu kilichotulia au kwa mara moja, picha, bei, uso wa mtu. Watch ni kuangalia kitu kinachoendelea, mpira, tamthilia, au mtoto asitumbukie kwenye moto. Polisi wakikuangalia mara moja wame-look at you, wakikuangalia wiki nzima wana-watch you.

Kusikia kwetu kumebeba mizigo mingi kuliko hear, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi. Nimeshamsikia mtu wa Makete mwezi wa saba anamwambia mgeni "I am hearing cold", mgeni akasimama akategesha sikio. Harufu ni smell, baridi ni feel, njaa na usingizi mara nyingi ni I am tu, I am hungry, I am sleepy.

Na hapa nichomekee ile ya "nakuja". Sisi ukiwa unatoka nje mara moja unasema nakuja, huku unaondoka, na kila mtu anaelewa kwamba utarudi. Ukimwambia mgeni "I am coming" huku umempa mgongo unaelekea mlangoni, anabaki anajiuliza unakuja wapi. Sema "I'll be right back." Bring na take hazisumbui, ni kuleta na kupeleka, ila fetch watu wanaisahau, ni kwenda kuchukua na kurudi nacho, safari mbili kwenye neno moja. Kuchota maji ni fetch water kwa sababu hiyo hiyo, kwenda mtoni bila kurudi sio kuchota.

HATUA YA 6: Pale ambapo mkia hausaidii, chora

Majina ya vitu hayana mikia, dawa yake ni picha. Chora mtu kwenye daftari, hata kama ni wa vijiti. Mkono kuanzia begani mpaka kiwiko mpaka kifundoni ni arm, kuanzia hapo kwenda vidoleni ni hand. Mguu wa juu ni leg, unaovalia kiatu ni foot. Kidole cha mkono finger, cha mguu toe. Ukienda kwa daktari asiyejua Kiswahili hii sio mambo ya mtihani tena.

Shamba nalo lichore. Eneo lote la mkulima pamoja na nyumba na banda ni farm. Kipande kimoja cha mahindi ndani yake ni field. Miti ya matunda, parachichi za Rungwe au matofaa ya Makete, ni orchard. Chai ya Mufindi iliyotandazwa mlima mzima ni tea estate, ile misonobari ya Sao Hill ni plantation. Garden ni bustani, mchicha wa nyuma ya nyumba. Mtu akikuambia "I have a garden" usimwombe kazi ya kuvuna.

Hali ya hewa ya huku kwetu ni mwalimu mzuri kwa sababu tunayo yote. Cool ni kaubaridi kanakopendeza, cold ni baridi, chilly ni ile inayokufanya uvute koti ila hulalamiki sana, freezing ni Kitulo alfajiri nyasi zimepauka kwa barafu. Mist na fog wote ni ukungu, tofauti yake kwa watu wa hali ya hewa ina kipimo kabisa, ukiona chini ya kilomita 1 mbele yako ni fog, ukiona zaidi ya hapo ni mist. Dereva anayeshuka kuelekea Tukuyu asubuhi anaielewa hii bila kufundishwa.

Mkoa wa Songwe pia una jozi yake. Mwanga unaokatiza angani usiku ni meteor, jiwe likishatua chini ni meteorite, kwahiyo lile pande la chuma la Mbozi linalokadiriwa kuwa na tani kama 12 ni meteorite. Sisi vyote ni kimondo. Kuna vijana wanapeleka wageni pale wanasema "this is the meteor", mgeni mjuaji anamsahihisha mbele ya watu, inaboa.

Ila usijione mnyonge. Nenda Kyela uone mpunga, mchele na wali, vitu vitatu tofauti kabisa, Mwingereza vyote anaita rice na akibanwa sana kwa mpunga ndo anasema paddy. Baba mdogo na mjomba wote uncle! Huyu mmoja ni wa ukoo wako na mwingine wa ukoo wa mama, mambo ya mahari na misiba yanatofautiana, yeye kaweka kapu moja. Kila lugha ina sehemu imelala.

HATUA YA 7: Onja ladha, sio maana tu

Kuna maneno maana ni moja ila ladha tofauti, na hapa kamusi ndogo zinakuacha peke yako. Rahisi ni cheap, sawa, lakini cheap mara nyingi inanusa ubovu. Nilishamsaidia mdada mmoja anauza vitenge, alikuwa anawaandikia wateja wa nje "we sell cheap fabrics" na watu wanamuuliza je zinachuja? Tukabadilisha ikawa affordable, yani bei ambayo mtu anaimudu. Bei ni ile ile. Maswali ya kuchuja yakapungua.

Slim ni mwembamba wa kupendeza, thin ni mwembamba tu bila maoni, skinny ni kimbaumbau. Mgeni wako mwite slim au usimwite chochote. Fat nayo iogope, huku kwetu kumwambia mtu "umenenepa" tunaweza kuwa tunamsifia kwamba maisha yamekaa sawa, kwao ni matusi ya wazi. Old kwa mtu mzima ni ngumu, sisi mzee ni cheo, ukisalimia "kamwene mzee" pale Iringa umeheshimu, lakini "hello old man" umetafuta ugomvi, tumia sir. Smart nayo chunga, kwa Mwingereza inaweza kuwa amevaa vizuri kama smati yetu, kwa Mmarekani ni mwenye akili.

Halafu kuna ladha ya heshima, na hii ina historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na wakulima Kiingereza kwa muda mrefu. Ndo maana ng'ombe akiwa zizini ana jina la mkulima, cow, akishafika mezani ana jina la tajiri, beef. Kitimoto vivyo hivyo, pig akiwa hai, pork kwenye sahani. Na ndo maana kuna begin na commence, ask na enquire, buy na purchase, ile ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili imevaa tai. Sisi tunayo hii hii kabisa, ila suti yetu ilitoka kwa Waarabu: kufa na kufariki. Kuku amekufa, mzee amefariki. Ukisema kuku amefariki watu watacheka, ukisema babu yake rafiki yako kafa hawatacheka. Basi ukiandika "let us commence eating ugali" umesema kuku amefariki. Na rafiki akifiwa, pass away ni laini kuliko die.

HATUA YA 8: Uliza majirani zake

Baki ya tofauti hazina sababu, ni mazoea ya nani anakaa na nani. Mvua ni heavy, upepo ni strong, chai ni strong, homa ni high, bei ni high. Big rain haimo. Dawa ni take hata kama ni ya kunywa, drink medicine inachekesha kidogo. Kosa unali-make, homework unai-do. Quick ni kitu cha muda mfupi, quick lunch, fast ni mwendo, fast bus. Safari fupi ya kwenda na kurudi ni trip, mwendo mrefu wenyewe ni journey, treni ya TAZARA kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kilomita 1,860 hiyo ni journey mtu wangu, na travel ni kusafiri kwa jumla, haihesabiki, hakuna "a travel".

Usitafute mantiki. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anakuuliza kwanini tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na tunapiga hodi, picha imefanya nini? Huna jibu, unamwambia ndo inavyosemwa.

Jinsi ya kuwauliza majirani: fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, ya Oxford na ya Cambridge zipo bure mtandaoni, ruka maana nenda kwenye mifano, soma mitatu. Au andika maneno yako mawili Google ndani ya alama za kunukuu, mfano "heavy rain" halafu "big rain", linganisha ni akina nani wanaandika hivyo, magazeti au watu kama mimi na wewe tunaojifunza.

HATUA YA 9: Jaza ukurasa

Kwenye ule ukurasa wa kushinda, usiandike win = kushinda. Andika sentensi mbili zinazohusu maisha yako, We won the match. We beat Uyole. Chini yake mkia au alama ya kukukumbusha, "beat, tumewapiga". Neno moja kwa siku, sio kumi, kumi utayasahau kabla hujafika Mafiati. Kila Jumapili funika upande wa Kiingereza, soma Kiswahili, sema kwa sauti. Ukikosea neno lile lile mara tatu lipeleke ukurasa mpya na mfano mpya, huo wa zamani haukukaa.

Zoezi la kuanzia. Funika aya inayofuata kwanza. Nikumbushe kesho. Nimeibiwa pochi. Tumewashinda. Filamu ilikuwa inaboa nikaboeka. Aliniambia mvua kubwa inakuja. Ngoja, nakuja sasa hivi, huku unatoka nje.

Remind me tomorrow. My wallet was stolen. We beat them. The film was boring and I was bored. He told me heavy rain was coming. Wait, I'll be right back. Na kama kwenye ya tatu uliandika "we won them", rudi Lugalo.